Kakakuona Alipolalia Mpira

Bisha, bisha basi! Mimi nasema ipo timu iliyoshinda mechi ya mwisho ya kundi lake, na ushindi huohuo ukaimaliza.

Msimu ule wa ukame, timu zilizoingia mtoano tu ndizo zingekunywa kwenye bwawa pekee lililobaki. Timu ya Ngiri, nahodha asiyeambilika, ilikuwa inawaongoza Fisi bao moja kwa bila. Ngiri akamfokea kipa wake, Kakakuona mtiifu: "Jikunje na mpira, kaka! Usifunguke mpaka kipenga!"

"Na wakinipiga?"

"Jikunje zaidi!"

Kakakuona akaukumbatia mpira, akawa donge la magamba. Fisi wakamsukuma, wakamng'ata, wapi! Refa Kinyonga akaangalia huku na huku, asiamue kitu. Mashabiki wa Ngiri wakacheka mpaka wakagaagaa.

Ndipo Kwarara, ndege mpiga kelele, akatua akitokea uwanja wa pili. "Mnacheka nini nyie? Swala wameshinda matatu! Mmelingana pointi, wamewazidi mabao. Fungeni jingine, la sivyo mmetoka!"

Ngiri akamrukia kipa wake. "Funguka! Funguka, nakwambia!" Akampiga kwato. Kakakuona akazidi kujikunja, kama alivyoagizwa.

Kipenga kikalia.

Kakakuona akachungulia taratibu. "Tumeshinda, nahodha?"

"Tumeshinda," Ngiri akasema, akakaa chini.

Unacheka? Cheka. Ila kuna kipande nilikiruka. Ngiri ni baba yangu. Kiangazi kile kilitukuta nyumbani watoto watano. Mvua iliporudi, nililowa peke yangu.