Vichwa Vitatu vya Mama Pacha

Mama Pacha aliinua mkono katikati ya mkutano, akaomba bili yake ya maji isipunguzwe.

Watu wakageuka. Kwenye mkutano wa wakazi kila mtu huja kulia apunguziwe. Yule wa ghorofa ya tatu alikuwa ametoka kuapa kwamba shemeji zake wanne ni wageni tu, na wageni wenyewe wana mwaka mzima! Sasa huyu anataka alipe zaidi. Makubwa.

Jengo zima lilikuwa na mita moja, na bili iligawanywa kwa vichwa. Mkilala watatu ndani, mnalipa vichwa vitatu, na risiti inaandikwa hivyo hivyo. Mhazini mpya alikuwa fundi cherehani wa chumba cha chini, mtu wa kupima kila kitu mara mbili. Walimwita Nukta.

"Mama, sheria ni sheria," alisema kwa upole. "Kichwa kisicholala humu siku thelathini kinafutwa. Mwenzangu aliyenitangulia aliendelea kukuandikia vitatu, sijui kwa nini. Kwako kipo kimoja. Hao wawili..." Akashika tepu ya kupimia shingoni. "Hao wawili, huu ni mwezi wa tano hawapo."

"Waandike."

"Nitakutoza maji ambayo hayajatumika."

"Nitoze."

Sauti yake ilikuwa kavu, haina hasira wala machozi. Ndivyo alivyokuwa tangu mapacha waondoke. Alipiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili, mashati sitini kwa siku, na mara mbili pasi ilikuwa imemuunguza kidole asijue mpaka mwenzake akapiga kelele. Hakusikia uchungu. Hakusikia kitu.

Jirani yake wa mlango wa pili aliwahi kuingia kuazima ndoo, akatoka na habari. Vitanda viwili vidogo vimetandikwa. Taulo mbili ndogo zimetundikwa bafuni, kavu kabisa. Jirani hakuuliza neno, nani angeuliza? Tangu siku hiyo watu wakikutana na Mama Pacha kwenye ngazi walishusha sauti, wakampa pole. Naye alijibu, "Nimeshapoa," akapita.

"Fundi, na wewe!" jirani huyo akafoka sasa, kanga imeshafika machoni. "Huna hata chembe ya huruma? Mwachie mama wa watu wanawe kwenye hilo daftari! Wanakula nini humo?"

Minong'ono ikazunguka ukumbi. Hata yule wa shemeji wanne alitikisa kichwa kwa masikitiko.

Nukta akaona aibu. Alifungua daftari, akaandika tatu, kisha akamwinamia Mama Pacha ili wengine wasisikie. "Hivyo viwili nitavilipia mimi, dada yangu. Usijali."

"Hapana. Nalipa mwenyewe. Risiti iandike jina langu, na vichwa vitatu. Tarehe isomeke vizuri."

Fundi aliandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, ule wa kuandikia vipimo vya maharusi. Alipompa ile karatasi, macho yake yalikuwa na maji. Ya Mama Pacha hayakuwa na kitu. Aliikunja mara moja tu, akaitia kwenye bahasha pamoja na nyingine nne, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi aliomba ruhusa kwa dobi, akaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alizipanga risiti zote tano mezani, akazisoma moja moja bila haraka.

"Miezi mitano, vichwa vitatu," alisema. "Basi hapa hakuna ubishi. Watoto wamekuwa wakilala kwa mama yao."

Kwenye benchi la pili, baba yao, aliyewapakata mapacha mmoja kila goti, alipapasa mifuko yake yote, akatoa risiti zake mwenyewe. Lakini kule kwake maji yaligawanywa kwa milango, kila nyumba sawasawa, na hakukuwa na risiti hata moja iliyosema kwamba ana watoto.