Mikono ya Tunu

Kila gari lilipochanganya mwendo, usukani ulimpapatikia Tunu mikononi kama kuku aliyechinjwa. Gari lilikuwa jipya, hata nailoni za viti hazijabanduliwa, na kisheria gari jipya halikosei. Tunu alipolalamika, gari lilijipima lenyewe, likajiona zima, likatangaza kwamba mikono ya dereva ndiyo mibovu.

Habari ikafika kwenye mitambo ya nyumbani, na tangu hapo nyumba nzima ilimkataa. Jiko lilizimika akiligusa. Birika halikummiminia chai. Wifi yake, Mwanakombo, alimpokonya mtoto kifuani.

"Usinune, wifi. Mashine haina chuki na mtu."

"Wala haina mtoto," Tunu alijibu.

Jumamosi mumewe, Kibwana, ndiye aliyewaendesha kwenda Lushoto kwa mama yake Tunu. Tunu alikaa nyuma na mtoto. Kabla ya kuanza kupanda mlima, kwenye barabara iliyonyooka, aliona mabega ya mumewe yakitikisika na gari likiyumba kulielekea lori lililokuwa likija mbele.

"Umeuona usukani, baba Zuhura?"

Kibwana alifuta jasho. Juu ya kioo, kijitaa cha gari kilikuwa kimewaka, kikiwasikiliza.

"Nimeona nini? Barabara mbovu tu."

"Lami hii ya juzi?"

Walipofika, mama mkwe alimletea chai. Kibwana alisema ameshiba, akaikalia mikono yake yote miwili.

Jioni alimfunga mtoto kwenye kiti bila kumtazama mkewe, akashika usukani. Mteremko wote ulikuwa mbele yao.