Ngazi Zilizogoma

Ijumaa, tarehe tisa Agosti. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito, na manyunyu yaliyoanza na kuacha kama mtu mwenye kwikwi.

Hivyo ndivyo fundi viatu alivyoanza kusoma, kwa kuwa mwalimu wa darasa la jioni aliwafundisha kwamba habari ya safari huanza na siku na hali ya hewa. Alisimama mbele ya ubao, umri miaka sitini na mmoja, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu, karatasi nne mkononi. Tatu aliziandika kule kule safarini, kila jioni baada ya sala. Ya nne aliiandika leo alfajiri, kisha akaikunja mara mbili.

Alikuwa mtu wa kwanza darasani kufunga safari ya kwenda kuuona mji mkuu. Alikuwa pia ndiye anayewafungulia somo kwa maombi. Ndiyo maana shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori, alikuja makusudi akakaa dawati la nyuma, miguu nje.

"Soma, shemeji," alisema. "Mji ule mimi nimeuingia mara mia. Nikikukamata na uongo mmoja tu, kuanzia kesho maombi aombe mwingine."

"Na usipomkamata?" aliuliza mama muuza mkaa kutoka mbele.

"Nitajiandikisha hapa, nianze na a, e, i, o, u."

Darasa likaguna. Mke wa fundi alikuwa ameliombea jambo hilo miaka tisa, kaka yake asome japo jina lake mwenyewe.

Fundi akasoma.

"Nililala kwenye basi tangu tulipoondoka. Nilipoamka, basi limesimama, viti vyote vitupu, hata dereva hayupo. Nikamshukuru Mungu, nikachukua kikapu changu, nikashuka. Mji mkuu! Watu wanatembea kama wameacha chungu motoni. Niliwasalimu wote. Kufika mtu wa arobaini sauti ilinikauka, nikaendelea kwa kuinua kofia."

Watu wakacheka. Akapata nguvu.

"Niliambiwa mji mkuu una ngazi zinazotembea zenyewe. Nikazikuta ndani ya duka la ghorofa. Nikakanyaga ya kwanza, nikashika chuma, nikafumba macho, nikangoja. Nikasema moyoni, labda mpaka zijae. Nikawaita watu wawili tupande pamoja. Wakapanda, wakanipita. Mlinzi akaja. 'Mzee, unangoja nini hapo?' Nikamwambia, 'Nangoja ziondoke.'"

Mama muuza mkaa alilala juu ya dawati, machozi yakimtoka.

"Uongo huo hapo!" Dereva alisimama. "Ngazi zile hazisimami hata kidogo. Shemeji, wewe hukwenda! Ulijificha kwa dada yako siku tatu, ukala, ukarudi na kitambi."

"Nimesoma nilichokiona," alisema fundi. "Labda siku hiyo ziligoma."

"Endelea, baba," alisema mwalimu.

"Siku ya pili nilikwenda kuwaona waheshimiwa. Nyumba yao ina ukuta mrefu, waya juu, na askari mlangoni. Nikavua kofia, nikapiga magoti vumbini, nikawaombea hekima na toba. Yule askari akaguswa. Akaniambia, 'Waombee, mzee. Wengi wao wanamaliza miaka yao mitano mwakani.'"

"Amina," walijibu watu watatu.

"Tena niliambiwa mgeni hupotea. Mimi sikupotea hata mara moja, na siku ya tatu muuza magazeti alikuwa ananiita mjomba. Hapo nikajua kwamba elimu ya jioni si mchezo."

"Tiketi!" alipiga kelele dereva. "Mwenye safari ana tiketi. Tuone."

Fundi aliitoa ndani ya kitabu chake cha sala. Dereva akaipokea, akaigeuza huku na huku, akaishika kichwa chini, kisha akampa mwalimu.

Mwalimu akasoma kwa sauti: jina la fundi, kiti namba kumi na saba, tarehe tisa, kutoka hapa hadi mji mkuu. Muhuri wa kituo cha mabasi ulikuwepo, mwekundu, haukufutika.

Darasa lililipuka kwa makofi. Mama muuza mkaa alipiga vigelegele mpaka mlinzi wa shule akachungulia dirishani. Dereva alijikuna kisogo, kisha akaja mbele taratibu kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano.

"Haya. Mwanamume haramu kula maneno yake. Niandikeni."

Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akashika kalamu.

Fundi akaitazama ile karatasi ya nne. Ingeingia vizuri sana mfukoni. Kila alichokisoma alikuwa amekiona kwa macho yake, na shemeji alikuwa tayari anataja jina lake, herufi kwa herufi, kwa kubahatisha. Mkewe angelia kwa furaha leo. Lakini kesho jioni yeye angesimama pale pale, afumbe macho, awaombee wenzake, na Mungu hakai dawati la nyuma.

"Mwalimu, usiandike kwanza," alisema. "Imebaki aya moja."

Akaikunjua karatasi. Hakuisoma; alikuwa anaijua kwa moyo. Akainua mkono wa kulia.

"Mbele yenu nyote, na mbele za Mungu, naahidi: safari ijayo, basi likisimama njiani watu wajisaidie, mimi nitabaki kwenye kiti changu mpaka tufike mji mkuu."