Mkono wa Mama Hidaya

Tangu vidonge vya kushusha lehemu, yaani mafuta ya damu, viachiwe wasio na mpishi tu, dawa yangu ni mkono wa mke wangu. Mama Hidaya hunipikia kunde na mchicha bila nazi, na uji wa shayiri bila siagi, nami hula nikimsifu. Lakini kwa sheria, mafuta hayo yasiposhuka kwa miezi mitatu, nyumba hubadilishiwa mpishi.

Jana asubuhi muuguzi alinichoma kidole pale pale mezani, akasoma kipimo.

“Yamepanda tena, mzee. Jumatatu ataletwa mpishi mwingine. Mama atapangiwa kupika nyumba ya mbali.”

Mke wangu alinigeukia, machozi yakimlengalenga. “Baba Hidaya, nimekosea wapi?”

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikaungama habari za sambusa, tatu kila alasiri, kwa jirani yetu Mwinchande.

“Sheria haiulizi unakula wapi,” muuguzi alisema kwa upole, huku akiandika. “Inauliza nani anakupikia.”

Mama Hidaya akacheka kwa furaha ya kweli, akanishika shavu. “Kumbe si mkono wangu!”

Kisha akauosha mwiko wake, akaukausha vizuri, akaufunga ndani ya kanga.