Koti la Mahona

Luhaga alikuwa ameshafika mlangoni, gitaa begani, pikipiki ya kumpeleka stesheni ya Malampaka inanguruma nje, Felisita alipomshika mkono.

"Shemeji, niachie. Precious atapigia nini?"

"Marehemu alinipa mwenyewe, akiwa kitandani."

"Akupe wewe gitaa la mashoto? Wewe wa kulia? Mwanaye wa kushoto yupo, unamwona!"

"Nyuzi zinageuzwa, shemeji."

Mahona, mume wa Felisita, alikuwa amezikwa wiki ile. Jumapili hiyo mchana bendi yake ilikuwa inamuaga palepale alipopigia maisha yake yote, kwenye ukumbi wa zamani wa Bariadi. Wakubwa wa pamba waliujenga wacheze dansi na wake zao. Siku hizi unajaa vijana, na sakafu yake ya mbao inalia vilevile.

Ikalia. Hatua moja nzito, moja ya kuburuta.

Watu wakageuka. Koti la kijani, kofia imeshushwa hadi puani, uso umepakwa majivu, mguu mmoja unaburutwa. Mahona kabisa. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mtani kafika! Chilongani wa Dodoma huyo!"

"Hee, na udongo wa mbuga kajipaka mabegani! Mgogo huyu hana haya!"

Tangu asubuhi walikuwa wanamsubiri. Msibani mtani huvaa nguo za marehemu, humwigiza, huchukua anachotaka, na wewe huruhusiwi kukasirika.

Alipita katikati ya watu hadi mlangoni, akanyoosha mkono mbele ya Luhaga.

"Mpe! Mpe mtani!" ukumbi mzima ukaitikia.

Luhaga akajilazimisha kucheka. "Mgogo, omba vizuri basi. Leo huna maneno?"

"Kwani marehemu alikuwa na maneno?" akadakia mpiga ngoma, na watu wakashika mbavu.

Luhaga akaliachia gitaa. Mtani akalishika kishoto, akagusa nyuzi mara moja tu, kisha akamvisha Precious mkanda wa gitaa begani.

Felisita peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mfuko wa koti, pale alipotia kiraka cha khanga kwa mkono wake.

"Mayu, vipi?" Precious aliuliza.

"Piga, mwanangu. Wewe piga."

Mtani akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemfuata, muziki ulikuwa umeshaanza.

Luhaga alipanda treni mikono mitupu, na sasa anauza mbegu huko Mwanza. Precious anapiga kila Jumapili. Ukumbi umepata bati jipya. Chilongani alifika Jumatatu yake, macho mekundu: usingizi ulimpitia kwenye treni, akapitiliza hadi Mwanza. Aliomba radhi, akaomba na koti la marehemu, aanze kazi yake.

Felisita alimwambia walimzika nalo.