Mguu wa Kwale

Asubuhi ile Chande alirudi tena kutoka mtegoni mikono mitupu. Kwale alikuwa amenasa, lakini alipompapasa mguuni hakukuta ule mwiba unaoota kwa dume, akamwachia arudi vichakani. Akichinjwa jike, nani atataga mwakani?

Somoe, mkewe, alikwishachoka kuuliza. Alimtengea ugali na bakuli la mchuzi.

"Nyama umepata wapi?"

"Kaleta jirani, Nambunga. Anasema siku hizi kwale wanakimbilia mitego yake."

Chande akanawa, akautoa mguu bakulini, akaupitishia kidole gumba taratibu, juu hadi chini. Ulikuwa laini.

"Kula, baba Zuhura. Mchuzi unapoa."

Akabaki ameushika, mchuzi ukimchuruzika hadi kiwikoni.