Mkebe wa Bwana Majivu

Jumatano, tarehe 15 Aprili 1931, saa nne asubuhi, askari Marcelino alipiga teke kigae chenye makaa mekundu katikati ya barabara ya Kariakoo. Makaa yakazimikia matopeni. Mwenye kigae alikuwa Salem, fundi bati. Alikuwa akivuka kutoka kibandani kwake kwenda nyumbani, hatua hamsini tu, kumpelekea moto mkewe Badriya aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa.

Masika yalikuwa yamezima mafiga, na viberiti vya mtaa mzima vilikuwa vimelowa. Ukikwaruza njiti, inavunjika kama biskuti. Mkunga alikuwa akililia maji ya moto.

"Amri ni amri, fundi," alisema Marcelino. "Hakuna kupitisha moto barabarani."

Kabla ya adhuhuri Badriya alikuwa amekwisha kwenda zake, yeye na kichanga chake.

Aliyetoa amri hiyo alikuwa mkubwa mmoja wa Kizungu. Watu walimwita Bwana Majivu, kwa kuwa akiona majivu mbele ya mlango wa mtu, siku hiyo mji haulali. Aliogopa makuti yasije yakashika moto. Makuti ya watu, hofu yake. Na matanga yakawa ya Salem.

Basi Februari ya mwaka uliofuata, jua likiwaka mpaka mbwa wanagombea kivuli cha mkokoteni, Bwana Majivu alimjia Salem na orodha mkononi. Alitaka kwenda porini na mkewe, Memsahib, kuota moto. Naam, kuota moto. Februari.

Na moto wenyewe hauoteki hivihivi! Alitaka wavu wa kuchomea nyama, miguu yake ikunjwe. Koleo refu, mkono usije ukakaribia joto. Mvukuto mdogo wa kupulizia makaa. Vijiti vya chuma vya mishikaki. Birika la kuning'iniza. Bati la kukinga upepo. Kuni zenyewe zingetoka mjini, zimekatwa sawasawa kama penseli. Mtu anakwenda mwituni na mzigo wa kuni! Na mwisho, mkebe wa kiberiti usioingiza maji hata ukitupwa baharini.

"Wewe weza?"

"Naweza, Bwana. Ila nina ombi. Binti yangu Zeina atajifungua masika haya. Niandikie ruhusa nimvushie moto."

"Hapana. Sheria ya watu wote," alijibu Bwana Majivu. "Mimi pia."

Salem akainama, akaendelea kukata bati.

Jirani yake, Mama Candida, alimsuta mbele za watu. "Mwanamume mzima! Aliyekuzimia moto ndiye unayemtengenezea mvukuto? Masika yakija, Zeina atakandwa kwa nini? Kwa mate yako?"

"Mama Candida, mimi nafua bati tu."

"Haya, fua! Badriya angekuona!"

Vifaa vilikamilika. Mkebe Salem aliupeleka mwenyewe Jumapili asubuhi, viberiti vimo ndani, kifuniko kimekazwa kabisa.

Jioni ya Jumapili hiyo, kabla ya safari, Bwana Majivu alitaka kuvijaribu vifaa vyake pale Mnazi Mmoja, ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda cha Salem. Marcelino aliwekwa kufukuza watazamaji. Wavu ukasimama, birika likaning'inia, bati likakinga upepo ambao haukuwapo. Memsahib akaketi kwenye kiti cha kukunja, nyama imekwisha kutungwa vijitini. Bwana akafungua mkebe.

Maji yakamwagikia viatu vyake.

"Nchi hii!" alifoka. "Unyevu! Kila mahali unyevu!"

Akatazama madukani. Yote yamefungwa, kuuza Jumapili ni marufuku, amri yake pia. Uzunguni kwake ni mbali. Sigara havuti, anachukia majivu. Kwa bahati jiko la Salem lilikuwa na makaa, Jumapili ile.

"Fundi! Leta moto!"

Salem akaja na kigae mpaka ukingo wa barabara, akasimama.

"Barabara hii hapa, Bwana. Na askari yule pale."

Marcelino akakaza macho mbele kama mlingoti.

"Mimi sema leta!"

"Amri ni amri, Bwana. Ya watu wote. Wewe pia."

Nzi wakaanza kutua kwenye nyama. Memsahib akasema neno moja la Kiingereza, fupi. Bwana akatoa kalamu. Akaandika harakaharaka, akatia sahihi, hakuweka jina la mtu wala tarehe: *Mwenye karatasi hii ana ruhusa kupitisha moto barabarani.*

Salem akaisoma herufi moja moja, maana shule hakukaa sana. Akaikunja, akaitia ndani ya kofia. Ndipo akavuka.

Masika yakaja, yakazima mafiga kama kawaida yake. Zeina akajifungua salama, akakandwa siku zake zote arobaini. Mtoto wakamwita Badriya. Na karatasi ikawa na miguu. Leo iko kwa Zeina, kesho kwa Mama Candida, keshokutwa mtaa wa pili, mpaka ikaingia mafuta na masizi, na kila ikipita na kigae cha moto Marcelino anaipigia saluti.

Siku moja Marcelino mwenyewe akaja kibandani, amelowa chapachapa. Mkewe alikuwa na homa, mafiga yamezimika. Siku hiyo karatasi ilikuwa imemrudia Salem; akavua kofia, akampa karatasi, akamjazia kigae makaa.

Marcelino hakuondoka.

"Fundi, mimi nilikuwa lindoni hapa Februari ile, mvua haikunya hata tone. Na mkebe ule nilikuona ukiujaribu ndani ya ndoo, siku tatu mchana kutwa, na ulipoufungua, njiti ya kwanza tu ikawaka. Sasa maji yale yaliingilia wapi?"